Anza na ukurasa mtupu

Hapa Shinyanga jua ni lile lile, bumu bado halijaingia, na mimi juzi usiku niliulizwa swali nikalijibu vibaya. Nimeona bora nilijibu upya, tena kwa maandishi, kwa sababu najua anayejiuliza si mmoja.

Ilikuwa hivi. Kuna dogo wa mwaka wa kwanza tunakaa naye nyumba moja ya kupanga hapa nje ya chuo. Kama saa nne usiku akanigongea, laptopu kwapani. "Kaka samahani, najua umechoka. Nataka nijifunze kutengeneza tovuti, nianze na nini?" Kabla sijafungua mdomo akanionyesha folda aliyopewa na rafiki yake kwenye flashi, video za masomo kibao, zaidi ya gigabaiti 20. React ipo, WordPress ipo, Photoshop ipo, na moja inaahidi kukufanya uingize dola ukiwa umelala. Kila mwalimu humo ndani anasema somo lake ndilo la kuanzia.

Na mimi, si mnajua tena mtu ukiitwa kaka kichwa kinavimba, nikamtajia vitu kumi na moja. Akaviandika vyote kwenye daftari. Akaondoka mnyonge kama mtu aliyebebeshwa kiroba cha mawe apeleke kwenye karasha.

Nilipozima taa usingizi haukuja. Jibu la kweli nilikuwa nalijua, na ni fupi. Sikulisema kwa sababu halina sifa. Halafu jibu lenyewe nililipata kwa gharama, na aliyelipa gharama hiyo si mimi, ni mama yangu mdogo wa Katoro.

Jibu ni hili: anza na HTML, uiandike kwa mkono, kwenye Notepad, ukurasa mmoja mtupu wenye maneno ambayo mtu fulani anayahitaji. Usiguse rangi, usiguse templeti, usiguse kitu chochote kinachotembeatembea, mpaka ukurasa huo usomeke kwenye simu ya bei rahisi mahali ambapo mtandao unasuasua. Mengine yote yatakuja, wala hayana haraka.

Sasa nieleze yaliyonikuta.

Katoro, kwa msiopajua, ni mji wa biashara upande wa magharibi wa Geita mjini. Ukifika siku ya soko utadhani nusu ya mkoa imehamia pale. Wachimbaji wadogo wa maduara ya karibu wananunua huko kila kitu, kuanzia buti na tochi za kichwani mpaka jenereta. Mama mdogo ana duka la pampu za maji na mipira yake. Nyingine anauza, nyingine anakodisha. Biashara ya kukodisha ndiyo inayomlisha, maana maji ndiye adui mkubwa wa duara. Maji yakijaa shimoni kazi imesimama, lakini matumizi hayasimami. Vijana wanaendelea kula, mpishi anadai, mwenye mashine anadai. Kwa hiyo mwenye duara akihitaji pampu, anaihitaji leo, tena saa hii.

Mwaka 2024 nilikuwa nimemaliza kozi moja ya mtandaoni ya wiki sita, najiona fundi. Nikampigia mama mdogo nikamwambia namtengenezea tovuti. Akafurahi mno. Akanitumia shilingi 200,000 bila mimi kuomba, akasema "za vocha hizo mwanangu". Nikalipia chumba.

Kazi niliyofanya nawasimulia bila kuficha. Nilichukua templeti ya bure. Juu kabisa nikaweka picha tano zinazopishana, kila moja kama ilivyotoka kwenye simu. Maandishi yalikuwa yanaingia kwa mbwembwe kutokea pembeni. Rangi nikachagua ya dhahabu juu ya nyeupe, maana si tuko ukanda wa dhahabu bana. Nikaweka "Dira" na "Dhamira" nilizonakili sehemu fulani nikabadilisha jina. Namba ya simu nikaichora ndani ya bango zuri, yaani ni picha, si maandishi, na bango lenyewe likakaa chini kabisa. Halafu nikafanya kosa kubwa kuliko yote. Alipotaka kuchapisha kadi za biashara nikamshauri aondoe namba ya simu, iwekwe anwani ya tovuti peke yake. Nilimwambia, "Mama, siku hizi ndiyo kisasa, wateja wataingia kwenye tovuti."

Kwenye laptopu yangu, kwa waifai ya chuo, ile tovuti ilifunguka kama radi. Washkaji wakanisifia. Nikalala nimeridhika.

Machi 2025 mvua zilikuwa zinapiga. Mteja wake mmoja mwenye duara kule Nyarugusu akajaziwa maji. Simu yake ilikuwa mpya, namba za zamani zimepotea, lakini kadi ya mama mdogo alikuwa nayo mfukoni. Akaandika ile anwani. Skrini ikawa nyeupe, kiduara kikazunguka, kikazunguka, bando lake la siku likakata hata picha ya kwanza haijatokea. Akaweka bando jingine, yakawa yale yale. Akaachana nayo, akakodi pampu kwa mtu mwingine Geita mjini. Alikaa nayo wiki tatu, na mpaka leo amebaki huko huko.

Mama mdogo hakuniambia. Alijua nina mitihani. Nilikuja kujua Julai, nilipokwenda kumsalimia baada ya UE. Kutoka hapa nikapitia Usagara, nikavuka Ziwa Victoria kwa lile daraja jipya la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025, nikapita Sengerema na Geita mjini mpaka Katoro, moyo mweupe kabisa. Asubuhi yake nikamwamkia, "Mwangaluka mayu", akaitikia, akanimiminia chai. Ndipo akasema, taratibu, kama anayeogopa kuniumiza:

"Mwanangu, tovuti yako ni nzuri sana. Ila watu hawanipati."

Nikachukua simu yake, nikaifungua tovuti palepale dukani. Nikasubiri. Nikanywa chai ikaisha. Wadau, kuna aibu za aina nyingi, lakini kusubiri kazi yako mwenyewe ifunguke mbele ya mtu aliyekulipa, hiyo isikieni kwa wengine.

Baadaye niliipima. Ukurasa ule ulikuwa na uzito wa MB 23. Sasa fanyeni hesabu na mimi. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo MB 23 ni megabiti 184. Mahali mtandao unapotambaa kwa kilobiti 200 kwa sekunde, na huko maduarani ni kawaida kukuta hali hiyo, ukurasa huo unahitaji sekunde 920. Hizo ni dakika 15 na ushee. Nani anasubiri dakika 15 wakati maji yanapanda shimoni?

Usiku ule nikaanza upya. Safari hii sikugusa laptopu kwanza. Nilichukua karatasi nikamuuliza swali moja ambalo kozi nzima ya wiki sita haikunifundisha kuuliza: "Mama, mtu akikupigia huwa anauliza nini?" Akajibu bila hata kufikiri. Pampu ipo? Ya inchi ngapi? Kwa siku bei gani? Unaileta mpaka shimoni au nifuate? Mafuta juu ya nani? Maswali matano. Nikaitazama ile tovuti yangu ya mwanzo, ilikuwa haijibu hata moja. Ilikuwa na Dira na Dhamira.

Kwa hiyo nikisema anza na ukurasa mtupu, maana yake ya kwanza ni hiyo. Kabla ya HTML kuna karatasi. Andika maswali ya mtu anayekuja, kisha andika majibu, kwa Kiswahili chepesi ambacho mteja mwenyewe anakitumia. Ukishindwa kuyaandika kwenye karatasi, hakuna templeti itakayokusaidia, itakuremba tu.

Baada ya karatasi ndipo HTML. Watu wanaiogopa bure, au wanaidharau. HTML ni alama unazoyawekea maneno ili kivinjari kijue hili ni nini na lile ni nini. h1 ni kichwa cha habari kikuu, p ni aya, ul na li ni orodha, a ni kiungo cha kukupeleka mahali pengine, img ni picha. Ukizijua alama kama kumi na tano hivi unaweza kuandika ukurasa wa duka zima la pampu. Na nisisitize neno "ni nini". Anayeanza hudhani h1 maana yake ni maandishi makubwa. Hapana. Maana yake ni kwamba hiki ndicho kichwa cha ukurasa. Google ikipita inasoma hivyo. Programu inayomsomea mtu asiyeona inasoma hivyo, inamwambia hapa ndipo kichwa kilipo, na yeye anaruka kutoka kichwa hadi kichwa kama wewe unavyorusha macho. Ukikuza maandishi tu yakawa makubwa bila kusema ni kichwa, umewapa taarifa wenye macho peke yao. Na ukiweka maneno ndani ya picha, kama nilivyofanya mimi na namba ya simu, umewanyima karibu wote.

Hapa naomba nisimame kidogo. Shinyanga mjini tunayo Shule ya Msingi Buhangija, wengi mnaijua, inasomesha watoto wasioona, wasiosikia na wenye ualbino. Wale ni watu wa mji huu huu, kesho nao watatafuta ratiba, bei, matokeo, nafasi za kazi. Darasani kwetu pia yupo mwenzetu mwenye ualbino, anakuza maandishi ya skrini mara tatu ndiyo asome. Nilimwonyesha ile tovuti ya kwanza akacheka, akasema "hapa naona ukuta mweupe tu". Nikaenda kupima. Wale wanaotunga viwango vya wavuti, W3C, wanataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na kilicho nyuma yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Rangi ya dhahabu niliyoitumia, juu ya nyeupe, inatoa kama 1.4 kwa 1. Jua la saa nane mchana likiwaka juu ya skrini, hata wewe mwenye macho mazima huoni kitu. Nyeusi juu ya nyeupe, ambayo kivinjari kinakupa bure bila kuandika chochote, ni 21 kwa 1. Yaani nilifanya kazi ya siku mbili kuharibu kitu ambacho kilikuwa sawa tangu mwanzo.

Turudi kwenye masomo. Uzuri mwingine wa HTML, na huu ni wa sisi tusio na bumu, ni kwamba haihitaji intaneti kujifunza. Unafungua Notepad, unaandika, unahifadhi faili kwa jina index.html, unalifungua kwa kivinjari, basi, umetengeneza ukurasa. Umeme ukikatika laptopu inaendelea mpaka chaji iishe. Bando likiisha hakuna kilichoharibika. Ukiwa mtandaoni bonyeza Ctrl na U kwenye ukurasa wowote wa kompyuta, utaona ulivyoandikwa ndani. Waliotutangulia miaka ya 2000 wengi walijifunza hivyo, kwa kuchungulia ya wenzao na kuuliza maswali.

Kuna vitu vidogo ambavyo hakuna video iliyowahi kunisisitizia, na vilinitesa, kwa hiyo naviandika hapa.

Cha kwanza, majina ya mafaili. Kwenye Windows, Pampu.JPG na pampu.jpg ni kitu kimoja. Seva nyingi zinaendeshwa na Linux, na huko hayo ni mafaili mawili tofauti. Kwangu picha zote zilionekana, nilipopandisha kwenye seva nusu zikapotea, nikakesha nikidhani nimerogwa. Andika majina yote kwa herufi ndogo, bila nafasi katikati, utalala vizuri.

Cha pili, namba ya simu iwe kiungo. Ukiandika a yenye href="tel:+255" ikifuatiwa na namba bila ile sifuri ya mwanzo, mtu akiigusa simu yake inafungua sehemu ya kupiga. Ni mstari mmoja tu. Mstari huo ungekaa juu kabisa ya ukurasa, Machi ile mama mdogo asingepoteza wiki tatu za kodi ya pampu.

Cha tatu, iambie HTML kwamba umeandika Kiswahili. Kwenye alama ya html ya mwanzo kabisa unaweka lang="sw". Ukiacha en iliyokuja na templeti, ile programu ya kumsomea asiyeona inaweza kuyatamka maneno yako kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu jaribuni kusema "pampu zinapatikana" kwa midomo ya Mwingereza.

Cha nne, mstari wa viewport kwenye sehemu ya head. Usipouweka, simu inachora ukurasa kana kwamba ni skrini ya kompyuta, halafu inaufinya, maandishi yanakuwa kama sisimizi.

Cha tano, picha. Usipandishe picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Ipunguze upana kwanza, pikseli 800 mpaka 1000 zinatosha sana kwa simu, na uzito unashuka kutoka MB nne hadi chini ya KB 150. Kisha andika kwenye alt ni picha ya nini, ili isipofunguka mtu asikose habari. Ukurasa mpya wa mama mdogo una picha mbili tu, ya duka kwa nje ili mtu alitambue akifika, na ya pampu. Wote pamoja una KB 220. Kwa mtandao ule ule wa kilobiti 200 kwa sekunde, unamaliza kufunguka kwa sekunde 9 hivi, na maneno yanatangulia kabla ya picha. Maneno ni mepesi ajabu. Makala yote hii unayosoma, maneno matupu, haifiki KB 20.

Na msidhani mambo ya mtandao kusuasua ni ya maduarani peke yake. Mnakumbuka Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa pamoja, Tanzania na majirani kadhaa intaneti ikawa shida siku nzima na zaidi? Siku ile hata wa Dar es Salaam walikuwa Nyarugusu. Kurasa nyepesi zilijikongoja zikafika, nzito zikabaki zinazunguka.

Kuna jambo jingine la kuchagua vizuri, nalo ni ukurasa wako wa kwanza uwe wa nini. Dogo alitaka kuanza na tovuti ya bei za dhahabu za kila siku. Nia ni nzuri. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019 watu wanafuatilia bei kwa gramu kama wanavyofuatilia mpira. Lakini bei inabadilika kila siku, na anayeanza akipata mitihani wiki mbili, ukurasa wake unageuka mwongo. Ukurasa mwongo unamkosesha mtu hela kweli kweli. Chagua kitu kinachotulia: duka la mama, zahanati ya kijijini inafunguliwa saa ngapi, ada na mahitaji ya shule uliyosoma, fundi wa karasha anapatikana wapi. Na chini yake andika tarehe ya mara ya mwisho kuurekebisha. Mimi mwenyewe kabla ya safari ile ya Julai nilikuta ukurasa unaonishauri nijiandae na foleni ya kivuko cha Kigongo, wakati daraja limeshafunguliwa. Haukuwa na tarehe popote. Aliyeuandika hakuwa mwongo siku aliyoandika, ila hakutupa njia ya kujua siku yenyewe ilikuwa lini.

Najua mtakaonibishia, na nimeshabishana nanyi kwenye kimbweta mara nyingi tu.

Wa kwanza atasema, HTML haiingizi hela, soko linataka React. Sawa, nenda huko, mimi mwenyewe naelekea huko. Lakini mwisho wa safari zote hizo kinachofika kwenye kivinjari cha mteja ni HTML. Hata wavuti yenyewe ilipitia njia hiyo. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake pale CERN mwaka 1989, 1991 kurasa zikaanza kufikiwa na watu wa nje, na Aprili 1993 CERN ikaiachia dunia teknolojia hiyo bure. Wakati huo hakukuwa na CSS, Håkon Wium Lie aliipendekeza Oktoba 1994 na kiwango cha kwanza kikatoka Desemba 1996. JavaScript ilikuja 1995. Ukurasa wa kwanza wa Berners-Lee, maneno na viungo vitupu, umewekwa tena na CERN mtandaoni na unafunguka vizuri kwenye simu yako ya leo. Tovuti yangu ya mbwembwe haikumaliza hata mwaka mmoja. Kwa hiyo mfuatano wangu ni ule ule wa historia: HTML, kisha CSS, na JavaScript pale tu utakapokutana na kazi ambayo hizo mbili haziiwezi.

Wa pili atasema, siku hizi akili mnemba inakuandikia tovuti nzima kwa dakika moja, ya nini kujitesa? Na mimi naitumia, sitawadanganya. Lakini inakupa kile ulichoomba. Mwaka 2024 mimi ningeomba nini? Ningeomba picha tano zinazopishana, rangi ya dhahabu, Dira na Dhamira. Ningepewa upesi zaidi kosa lile lile. Halafu mama mdogo akipiga simu kusema watu hawampati, mtu asiyeweza kusoma HTML ataanzia wapi kutafuta? Fundi wa pampu haundi pampu, ananunua ya kiwandani kama wengine wote. Lakini ikigoma anajua valvu ipi inavujisha.

Wa tatu, na huyu ndiye ananiuma kidogo, atasema ukurasa mtupu unaaibisha, mteja ataona hujafanya kazi. Ni kweli, nilipomwonyesha mama mdogo ule mpya alinyamaza. Akasema, "Mbona kama barua?" Nikamwambia, ndiyo mama, ni barua ya kumjibu yule wa Nyarugusu. Akausoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kwenye simu yake, bila kuniuliza kitu. Akagusa namba ya juu kujaribu. Simu yake nyingine ikaita mezani. Basi akacheka.

Baadaye niliongeza CSS ya mistari kama ishirini, nafasi za pembeni, ukubwa wa herufi, rangi moja ya buluu iliyokolea. Unapendeza sasa. Lakini ulikuwa unafanya kazi kabla haujapendeza, na hilo ndilo ninalolisema tangu mwanzo. Kadi mpya tulichapisha Septemba, namba ya simu kubwa mbele, anwani ya tovuti ndogo chini yake. Gharama za kuchapa nilitoa mimi. Yule bwana wa Nyarugusu hajarudi, na simlaumu.

Leo asubuhi nilimfuata dogo chumbani kwake. Nikamwomba lile daftari, nikachora mstari juu ya vitu vyote kumi na moja. Akashtuka. Nikamuuliza kwao wanafanya nini. Kumbe baba yake ni fundi cherehani pale Kahama karibu na stendi, anashona sare za shule, na kila Januari wazazi wanampigia usiku na mchana kuuliza mambo yale yale. Nikamwambia, haya, mpigie mzee umuulize ni mambo gani. Usifungue laptopu mpaka uyaandike.

Saa hizi ninavyoandika namsikia kupitia ukutani. "Baba shikamoo... eti, wakikupigia huwa wanauliza nini kwanza?"

Mimi nalala wadau, kesho nina testi saa mbili kamili.